Nyota ya Chumba Namba Tisa

Palikuwa na nchi. Iko mbali sana na kwetu, tushukuru, na msomaji atakayeona inafanana na anayoijua, basi ni macho yake tu, akapimwe.

Katika nchi hiyo hakuna aliyehesabiwa amezaliwa mpaka afunguliwe jalada. Kuzaliwa na mama yako ilikuwa nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilifanyika masjala, ambako karani alikupa namba na kuandika juu ya gamba la jalada lako mistari mitatu. Mwenyewe: asome na kuandika. Kundi: lisome na kuandika. Wengine: wapite. Watoto walijifunza mistari hiyo shuleni kabla ya kujifunza kuhesabu.

Kila mtu alikuwa na kundi. Makarani walikuwa Kundi la Wino, wauguzi Kundi la Pamba, wapishi Kundi la Chumvi. Palikuwa pia na Kundi la Masikio, ambalo kazi yake haikutajwa popote lakini magari yake yalionekana kila mahali. Sheria ilikuwa nyepesi: jalada jipya hufuata kundi la aliyelifungua. Kwa kuwa majalada yote yalifunguliwa na makarani, karibu nchi nzima ilikuwa chini ya Wino, na makarani ni watu wavivu, hawapendi kuandika chochote kwenye jalada la mtu. Watu walilala usingizi.

Ndipo akateuliwa Mkurugenzi wa Milango.

"Ndugu wananchi," alihutubia siku aliyoapishwa, "kwa muda mrefu tumeruhusu jalada lifuate mkono. Mkono ni nini? Mkono hutoka jasho! Mkono hustaafu! Kuanzia leo, mlango wowote utakaopigiliwa nyota ya shaba, kila kitakachoanzishwa ndani ya chumba hicho kitakuwa cha kundi la chumba, hata kiwe kimeanzishwa na yeyote. Na chumba kitakachojengwa ndani ya jengo lenye nyota kitazaliwa na nyota yake. Tunajenga taifa linalojirithi lenyewe!"

Watu walishangilia sana, kisha wakaulizana chini kwa chini amesema nini.

Bi Kidawa binti Mbaruku, karani wa masjala kwa miaka ishirini na miwili, aliisikia hotuba hiyo redioni akikuna nazi, akaona haimhusu. Masjala yake ilikuwa ya zamani, na nyota hairithiwi na chumba kilichokuwepo kabla yake. Yeye alikuwa na lake moja tu. Kwenye rafu ya chini palikuwa na jalada la mumewe, Faki, ambaye miaka kumi na mmoja nyuma aliitwa na Masikio kwenda kueleza jambo dogo. Kundi la jalada hilo lilibadilishwa kwa amri ya Mzizi Mkuu, mtawala wa nchi, ambaye peke yake aliweza kufungua jalada lolote na kuliandika atakavyo. Gamba likapigwa muhuri: LIMEHIFADHIWA. Kila Ijumaa Bi Kidawa alilipangusa vumbi. Kulifungua hakuweza, kwani kwa jalada la mumewe yeye alikuwa Wengine.

*

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Paa la masjala, ambalo mawaziri watano walikuwa wamekwisha kulizindua, lilivuja juu ya meza ya Bi Kidawa, na meza ikahamishiwa kwa muda chumba namba tisa. Asubuhi hiyohiyo ikaja habari kutoka hospitali kwamba binti yake, Raya, amejifungua salama mtoto wa kike.

Bi Kidawa hakuwa mtu wa kurukaruka, lakini alirukaruka. Mjukuu wa kwanza! Alijaza kalamu wino, akachukua gamba jipya, akaandika kwa mwandiko wake wa sikukuu: Namba 4417. Zuwena binti Khelef. Mwenyewe: Zuwena. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, umesukumwa mpaka ukutani ili unyevu utoke, na upande wake wa nje ulikuwa umegeukia ukuta. Karani wa miaka ishirini na miwili hakukumbuka kuchungulia nyuma ya mlango. Furaha ilimpofusha.

Mwisho wa korido aliketi Mpiga Muhuri, bwana mnene aliyekuwa na maswali mawili tu duniani.

"Limefunguliwa na nani?"

"Na mimi wa Wino, bwana wee! La mjukuu wangu. Kesho nakuletea halua."

"Limefunguliwa wapi?"

"Hapo, namba tisa."

Muhuri ukashuka. Bi Kidawa alitazama gamba, na tabasamu likamkauka mdomoni. Kundi: Masikio.

"Siyo hivyo," alisema. "Mimi Wino. Nimelifungua kwa mkono wangu huu."

"Mkono siku hizi hauna kazi, Bi Kidawa. Nenda kauvute ule mlango."

Alikwenda, akauvuta. Nyota ya shaba, ya Masikio kama nyota zote, ilikuwepo, imesuguliwa mpaka inang'aa. Akakaa sakafuni palepale, na akaogopa kama siku ile gari lilipokuja kumchukua Faki.

Maana katika nchi ile kilichoandikwa jaladani ndicho kilichotokea. Ukiandikwa mwizi, umeiba. Ukiandikwa marehemu, jamaa zako huletewa rambirambi, na ukijitokeza kulalamika unaombwa usivuruge msiba.

*

Bi Kidawa alilibeba jalada mpaka kwenye kabati lake la zamani, akitumaini hewa ya nyumbani italiponya. Mpiga Muhuri alimcheka. Kilichohamishwa, alimweleza, hubaki na kundi lake. Ukimbeba kuku wako ukamlaza kwa jirani, hageuki kuwa wa jirani.

Siku ya tatu alikuja ofisa wa Masikio, Bwana Hamduni, kijana mtanashati mwenye ndevu za kuchana na adabu ya kupigiwa mfano.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Hongera kwa mjukuu. Naomba jalada lake."

Aliketi, akavua saa, akaandika taratibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa anajivunia uandishi wake na Bi Kidawa alikuwa mtu wa kalamu, akamsomea kwa sauti ili amsahihishe Kiswahili.

"'Siku ya tatu. Mhusika ameulizwa alikuwa wapi miezi tisa iliyopita. Amekataa kujibu.' Lipo kosa, bi mkubwa?"

"La lugha halipo," alijibu Bi Kidawa.

Siku ya tano aliandika kwamba mhusika amelia wakati wa wimbo wa taifa, tena katika ubeti wa pili, ule wa shukrani. Siku ya nane, kwamba hulala mchana na kukesha usiku, na haijulikani anakesha kwa niaba ya nani. Siku ya kumi na moja alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Raya kumpa mtoto mkono, akarudi na sura imemwiva, akaandika: "Amemvuta ofisa ndevu. Inapendekezwa aitwe."

"Aitwe lini, mwanangu?" aliuliza Bi Kidawa.

"Siku ya arobaini. Kabla ya arobaini mtoto hatolewi nje, bi mkubwa. Serikali yetu inaheshimu mila."

Nyumbani hakuna aliyekula siku hiyo. Raya alikuwa amempakata mtoto, anamtazama Zuwena kichwani, pale palipokuwa bado laini panapigapiga.

"Mama, wanamwita kwenda kusema nini? Hata shingo haijakaza."

"Sijui, mwanangu."

"Baba naye walisema ni jambo dogo."

Saa sita mchana wimbo wa taifa ulianza kupigwa katika redio za mtaa mzima, na Raya akamziba mtoto mdomo kwa ziwa, awe na njaa au hana. Ilikuwa ndiyo desturi mpya ya nyumba. Ziwa likikosekana, bibi alitumia kiganja.

*

Kulikuwa na Dirisha la Kubadili Kundi. Bi Kidawa alipanga foleni siku nne, mpaka akaifikia sauti iliyokaa nyuma ya kioo cheusi.

"Kundi hubadilishwa na mwenyewe wa jalada," ilisema sauti. "Afike yeye, atie saini, na awe tayari mwanachama wa kundi analolitaka. Mwenyewe ana umri gani?"

"Siku kumi na saba."

"Aje na kitambulisho."

"Na asipoweza?"

"Basi mwandikieni Mzizi Mkuu. Barua zake huandikiwa kwenye Ukumbi wa Maombi."

Bi Kidawa alikwenda mpaka mlangoni pa Ukumbi wa Maombi. Safari hii alichungulia nyuma ya mlango. Nyota ilikuwa kubwa kama sinia. Akageuza njia, maana barua itakayoandikwa mle ingekuwa ya Masikio, wangeisoma wao na kuijibu wao.

Siku ya ishirini na tisa mambo yalizidi kuharibika. Ilitangazwa kwamba paa la masjala sasa litatengenezwa kweli: chumba kitabomolewa na kujengwa upya ndani ya jengo hilo lenye nyota, na mlango mpya tayari unachongwa, na nyota yake imekwisha kutoka kiwandani. Mafundi wangeanza siku ya thelathini na tano. Baada ya hapo kusingekuwa na pembe moja ya jengo lile ambamo kitu kingeanza bila kuwa cha Masikio.

Jioni hiyo, akiwa anapanga vitu vya kuhamishwa, Bi Kidawa alishika rundo la majalada yaliyoliwa na mchwa. Mchwa wa masjala walikuwa maarufu. Walikuwa wamekula mikataba ya serikali tatu. Kanuni ilisema jalada lililoliwa linakiliwe na karani, palepale lilipo kabati lake, na mabaki yachomwe na mwenye kabati. Alikuwa amenakili mamia. Akatazama magamba ya nakala hizo moja baada ya moja. Yote yalisema Wino, hata ya yale machache yaliyokuwa yamebadilishwa kundi. Jalada lililohamishwa hubaki na kundi lake, lakini nakala ni jalada jipya, na jalada jipya hufuata mkono, ikiwa mlango hauna nyota.

Kilichohitajika ni mchwa.

*

Aliliweka jalada 4417 sakafuni, kwenye kona yenye unyevu, juu ya kichuguu chenyewe. Asubuhi akalikuta zima. Aliligeuza, akalinyunyizia maji ya wali. Mchwa walipita pembeni, wakaenda kula Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Labda na wao walijua kusoma gamba. Siku ya thelathini na nne, Bi Kidawa akiwa amekalia kuti kavu, alifunga mlango, akachomoa pini ya nywele, akaanza kutoboa. Alijichoma kidole mara mbili. Alitoboa kwa mpangilio ovyo, kama wanavyokula wao, akapaka udongo kwenye kingo.

Kesho yake mafundi walipanda juu na kuanza kung'oa mabati. Bwana Hamduni naye akafika kwa wakati wake.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nini hiki?"

"Marahaba. Mchwa, mwanangu."

Hamduni aliliinua jalada, akalitazama dhidi ya mwanga. Mwanga ulipita kwenye matundu ukamwangukia usoni.

"Mchwa hawa ni wa kundi gani?"

"Mchwa hawana kundi."

"Kila kitu kina kundi," alisema taratibu. Kisha akasoma mstari wake mmoja uliokatwa katikati na tundu, na uso wake ukajaa huzuni ya mwandishi. "Wamelila neno 'kukesha'. Neno zuri kama lile! Linakiliwe leo hii. Twende namba tisa, kule kukavu."

"Kanuni, mwanangu. Palipo na kabati."

Hamduni alilitazama kabati, ambalo lilihitaji wanaume wanane. Alikuwa mtu wa kanuni. Akavuta kiti.

"Ila mimi kulisoma sina ruhusa," Bi Kidawa aliongeza. "Ungenisomea wewe, mimi niandike."

Akamsomea. Alisoma kwa madaha, akisimama kwenye nukta, akirudia mara mbili sentensi alizozipenda, huku vumbi la paa likiwaangukia wote wawili. Mafundi waliung'oa mlango wa zamani, wakauegemeza ukutani. Mlango mpya ulikuwa nje, kwenye mkokoteni, na nyota yake imefungwa katika gunia. Bi Kidawa aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika maishani, sikio moja kwa Hamduni, jingine kwa nyundo. Miaka kumi na tano hakuwa amesali kazini, na siku hiyo alisali kati ya kila neno.

Ukabaki mstari mmoja kwenye gamba. Mwenyewe.

Jalada la kuzaliwa mwenyewe wake ni aliyezaliwa. Lakini nakala haikuzaliwa, imeandikwa, na mwenyewe wa nakala ni aliyeinakili. Kwenye majalada ya zamani jambo hilo halikumdhuru mtu, kwa kuwa ndani yake hamkuwa na kitu. Humu mlikuwa na kitu. Bi Kidawa alilijua hilo tangu jioni ya lile rundo, na alikuwa amejizuia kulifikiria. Sasa kalamu ilisimama. Alimwona Faki akitoka mlangoni na koti begani, akisema atarudi kabla ya chakula kupoa.

"Kuna neno hukulisikia, bi mkubwa?"

"Nimelisikia," akasema, na akaandika: Kidawa binti Mbaruku.

Jalada la zamani lilichomwa kwenye debe, mbele ya shahidi, kama kanuni inavyotaka. Kiberiti alitoa Bwana Hamduni. Mpiga Muhuri akaitwa na maswali yake mawili.

"Limefunguliwa na nani?"

"Na mimi."

"Wapi?"

"Hapa."

Mpiga Muhuri alitazama penye mlango. Palikuwa na uwazi mtupu. Fundi ndiyo kwanza anakata kamba ya gunia. Muhuri ukashuka. Wino.

Hamduni alinyoosha mkono kulichukua jalada, akasoma gamba, mkono ukabaki hewani. Wengine: wapite.

"Lakini nilikusomea mimi!" alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ndiyo, mwanangu. Wewe ulisoma. Aliyeandika ni mimi."

*

Wito haukufutwa. Ulikuwa umeandikwa "Mwenyewe wa Jalada 4417", na serikali ile haikuwahi kufuta kitu. Siku ya arobaini, Raya alimtoa mtoto nje kuona jua kama ada, na Bi Kidawa akavaa buibui lake jipya, akambusu mtoto nyayo, akaenda.

"Mama, waambie ukweli," Raya alimshika mkono. "Waambie ni makosa."

"Nikiwaambia watauliza basi jalada ni la nani. Niache, mwanangu. Naogopa, usinizidishie."

Wakubwa watatu wa Masikio walikaa nyuma ya meza ndefu, jalada mbele yao, na hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuligusa. Ikabidi mshtakiwa asome mashtaka yake. Angeweza kusoma ukurasa mtupu, lakini Hamduni alikuwa amekaa kwenye benchi, na anazijua sentensi zake kwa moyo. Akasoma zote, neno kwa neno.

"Miezi tisa kabla ya kufunguliwa jalada ulikuwa wapi?" aliuliza mkubwa wa kati.

"Sikumbuki, mheshimiwa. Palikuwa na giza."

"Ulilia wakati wa wimbo wa taifa?"

"Nililia," alisema, na wote waliona kwamba analia.

"Ulimvuta ofisa ndevu?"

Bi Kidawa aligeuka. "Nilimvuta. Nisamehe, mwanangu."

Bwana Hamduni alitazama viatu vyake.

Wakubwa walinong'onezana. Kisha mkubwa wa kati akasimama kutoa hukumu. "Kwa kuzingatia umri mdogo wa mshtakiwa," alisoma, "chombo hiki kimeingiwa na huruma. Atawekwa chini ya malezi ya Masikio mpaka atakapotimiza miaka kumi na minane." Bi Kidawa alikuwa na miaka hamsini na minane.

*

Masikio walijaribu kumfungulia Zuwena jalada jingine, ikashindikana. Kuzaliwa kumoja, namba moja, na namba yake ilikuwa na mwenyewe tayari. Wakamwandikia Mzizi Mkuu. Barua waliiandikia katika Ukumbi wa Maombi, kwa hiyo ikarudi kwao wenyewe kama ilivyo, na bado wanaijadili.

Kila Ijumaa Raya huja kwenye geti la Nyumba ya Malezi. Yeye huzuiwa, kwa kuwa ni muuguzi, wa Kundi la Pamba. Lakini mlinzi hutafuta jina la mtoto katika daftari lake, halioni, na asiye na jalada hajazaliwa, na asiyezaliwa huwezi kumzuia. Zuwena, ambaye sasa ana miaka mitatu na viatu vyekundu, hupita chini ya kizuizi bila kuinama.

Ijumaa moja alikuwa amekaa juu ya mapaja ya bibi yake uani, amechoka, anataka maji na maji hayajaja, saa sita ilipofika. Wafungwa wote wakasimama. Wimbo ukaanza, na ulipofika ubeti wa pili, ule wa shukrani, Zuwena akaachia kilio ambacho hakuna mfano. Walinzi wakageuka. Bwana Hamduni, aliyehamishiwa huko baada ya ile kazi ya mchwa, alikwisha kutoa kalamu mfukoni. Akaishika, akamtazama mtoto, akatafuta pa kuandika, pakakosekana.

Bi Kidawa alikuwa amekwisha kuinua kiganja kumziba mtoto mdomo, kama walivyozoea. Akaushusha mkono, akauweka mgongoni mwa mjukuu wake.

"Lia, mama," alimwambia. "Lia, mwanangu, lia."